Meno hayang'oki kwa uzee: namna ya kutunza kinywa ukishapita miaka 60

Mamangu aling'olewa jino lake la mwisho akiwa na miaka 71, na siku hio alirudi nyumbani akakaa mkekani akasema basi, umri umefika, ndo Mungu alivyopanga. Na sisi wanawe sote tukaitikia. Miaka mingi baada ya hapo nikimwona achovya hamri kwenye chai mpaka lirowe ndo aweze kulimumunya, samaki wa kupaka lazima apondwepondwe, mishikaki hata haitaji tena, na mie nikaamini kabisa kuwa huo ndo uzee wenyewe. Mpaka nilipofika 56 fizi zangu zikaanza kutoa damu, na jino moja la mbele chini likawa lachezacheza, nikaenda kwa daktari wa meno nikamwambia kwa unyonge kuwa na mie yangu yashaanza kutoka, ni ya kurithi kwa mama. Akaniambia neno ambalo sijalisahau mpaka leo: meno hayana tarehe ya kung'oka. Jino hutoka kwa sababu limeoza, ama kwa sababu ufizi na mfupa unaolishika umeliwa na ugonjwa, na yote mawili kwa sehemu kubwa yazuilika.

Leo niko 63. Lile jino liko mahali pake, halichezi. Kwa hivo haya ninayoandika ni ya watu wazima wenzangu, na pia nyie vijana mnaouguza wazazi wenu majumbani, maana nimechoka kusikia Mombasa nzima, kuanzia Kisauni mpaka Likoni, watu wakiambiana "ah, ni uzee huo" kwa kitu ambacho kina dawa.

Kwanza ujue kinywa cha mtu mzima kinabadilika vipi

Kuna mambo matatu. La kwanza fizi hushuka, hasa kama umekuwa ukipiga mswaki kwa nguvu miaka 40 au fizi zimekuwa zikiugua, na zikishuka mzizi wa jino unabaki wazi. Sasa sehemu ya juu ya jino ina ganda gumu sana, lakini mzizi hauna ganda hilo, ni laini zaidi na unaoza upesi zaidi. Ndo maana utamuona mzee ambaye hajawahi kuwa na tundu jinoni maisha yake yote, akifika 65 meno yanaanza kuoza pale chini karibu na ufizi, mpaka jino lakatika kama mti uliokatwa shinani.

La pili ndo linalowadanganya wengi. Jino la mtu mzima haliumi kama la kijana. Kadri miaka inavyoenda ule uwazi wa ndani wenye mshipa wa fahamu unazidi kuwa mdogo, kwa hivo jino laweza kuoza kimya kimya miezi na miezi na wewe huna habari. Kijana akipata tundu usiku halali, mzee akipata tundu analala vizuri tu. Usingoje maumivu, ukingoja maumivu utakuwa ushachelewa na kilichobaki ni koleo.

La tatu ni mate. Hili nitalirudia huko chini maana ndilo kubwa kuliko yote na ndilo halizungumzwi.

Kupiga mswaki, lakini kwa utaratibu wake

Mara mbili kwa siku, na ya usiku ndo muhimu zaidi, maana ukilala mate hupungua na uchafu ulioko kinywani unapata usiku mzima wa kufanya kazi yake. Ukishapiga mswaki wa usiku hakuna tena kahawa, hakuna kashata, ni maji tu.

Mswaki uwe laini. Ule mgumu watu hupenda kwa kuwa wahisi unasugua sawasawa, lakini unakwangua mizizi na kuzidi kushusha fizi. Ukinunua dukani soma kwenye pakiti, chagua ulioandikwa soft, na baada ya miezi mitatu hivi au nyuzi zikianza kutawanyika utupe, uchukue mwengine. Ushike kama unavyoshika kalamu, usiushike kama rungu. Uuelekeze pale jino linapokutana na ufizi, umelala kidogo kama paa la nyumba, halafu usugue taratibu kwa miduara midogo, meno mawili matatu, uhame, mawili matatu, uhame. Nje, ndani, juu ya magego. Dakika mbili ni ndefu kuliko unavyodhani, weka simu ikuhesabie siku za kwanza utashangaa ulikuwa ukimaliza kwa nusu dakika.

Ufizi ukitoa damu usiuache. Hapa ndo wengi wanakosea, waona damu waogopa, waruka ile sehemu, na ile sehemu ndo yenye ukoga unaoumiza ufizi, kwa hivo kesho damu inazidi. Sugua hapohapo kwa upole kila siku, na mara nyingi baada ya wiki moja mbili damu hupungua. Isipopungua ujue ukoga ushakuwa mgumu kama jiwe, na huo hautoki kwa mswaki wala kwa chumvi wala kwa mkaa, unatolewa na daktari kwa vifaa vyake. Mie nilisafishwa mara mbili, kisha tena kila miezi sita, na hapo ndo jino langu likakaza.

Kuhusu Colgate, nasema Colgate kama tunavyosema sote hata kama ni ya kampuni nyengine. Ya bei ghali si lazima, kinachotakiwa ni floraidi, yale madini yanayokinga meno yasioze. Geuza tyubu utazame nyuma, utafute namba iliyo kando ya herufi ppm, iwe kati ya 1,000 na 1,500. Ukimaliza kusugua tema povu, lakini usisukutue kwa maji mengi. Najua hili ni gumu kwetu, tumezoea kujaza kopo la maji na kusukutua mpaka kinywa kiwe safi kabisa, lakini ile dawa inayobaki kwenye meno ndo inayofanya kazi. Tema, ufute mdomo, basi. Na mtu ambaye meno yake yaoza sana mizizini, daktari aweza kumwandikia dawa yenye floraidi ya 5,000, hio haitumiwi bila kuandikiwa.

Kuna wanaoogopa floraidi kwa vile wamewaona watu waliokulia sehemu za Bonde la Ufa kama Nakuru, meno yana rangi ya kahawia. Ni kweli, maji ya visima vya kule mengi yana floraidi nyingi kupita kiasi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yajengeka ndani ya ufizi yanatoka na madoa. Lakini wewe wa miaka 65 meno yako yalimaliza kujengeka zamani sana, na dawa waitema humezi. Hofu hio iwache.

Katikati ya meno mswaki haufiki. Tumia uzi wa meno, au kama mianya ni mikubwa (na ya watu wazima mara nyingi ni mikubwa) nunua vile vibrashi vidogo vya kupitisha katikati, kemisti nyingi za mjini ziko navyo, vyatumika rahisi kuliko uzi kwa vidole vyenye baridi yabisi. Njiti za kiberiti, pini, ncha ya kisu, tafadhalini, nimewaona wazee barazani wakichokonoa kwa hivo vitu na wanaumiza fizi tu.

Na mswaki wa mti je?

Nimeulizwa hili mara nyingi, hasa na wazee wa kiume wanaotoka msikitini na kijiti mfukoni. Mswaki wa mti ni mzuri, ni sunna, na si imani peke yake, hata Shirika la Afya Duniani mwaka 1986 lilihimiza utumike kule ambako watu wameuzoea. Mti wake kwa jina la kitaalamu ni Salvadora persica, na utafiti umeonyesha kuwa una vitu vinavyopunguza bakteria. Lakini kuna namna. Kijiti kiwe kibichi, kikikauka kiroweke kwenye maji, umenye ganda kama nusu inchi, utafune mpaka nyuzi zitawanyike ziwe laini, na ile ncha uikate kila siku utoe mpya, si kukaa na ncha moja wiki nzima imegeuka rangi. Usisugue kwa kuvuta kulia kushoto kwa nguvu, sugua kutoka ufizini kwenda kwenye ncha ya jino. Na usisahau upande wa ndani, maana wengi wanaotumia kijiti meno ya mbele yang'ara ukitazama nyuma kwa ndani ni ukoga mtupu, kijiti hakipindi kufika huko kama brashi.

Langu mie ni kuwa utumie vyote. Mchana kijiti kwa kila swala ukipenda, lakini asubuhi na usiku brashi na dawa yenye floraidi. Na mwezi wa Ramadhani utaratibu ni rahisi tu, piga mswaki baada ya kumaliza kula za usiku na tena baada ya daku kabla ya adhana, mchana kijiti chako kiko. Mwezi huo ndo mwezi wa kaimati, tambi za sukari na juisi ya ukwaju, kwa hivo usiku usilale bila ya mswaki hata ukiwa umechoka na tarawehe.

Mdomo kukauka

Haya sasa tuje kwa mate. Mtu mzima wa afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na hayo mate si maji tu, yanaosha meno, yanapunguza ukali wa asidi, yanarudishia jino madini. Mate yakipungua meno yanaoza kwa kasi ya ajabu. Na kinachopunguza mate kwa watu wazima mara nyingi ni dawa. Baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kukojosha, za mzio, za usingizi, za msongo wa mawazo, za kibofu, zipo nyingi sana, na ukizichanganya nne tano kila siku kinywa kinakuwa kama kitambaa. Dalili zake: waamka usiku kunywa maji, mkate mkavu haushuki bila chai, ulimi wanata, midomo yapasuka, ladha ya chakula yapotea.

Usiache dawa. Narudia, usiache dawa ya presha kwa sababu ya mdomo, kiharusi ni kibaya kuliko jino. Mwambie daktari anayekuandikia, mara nyengine kuna nyengine ya kubadilisha au hupunguzwa kipimo. Wewe huku nyumbani kaa na chupa ya maji, piga funda dogodogo mchana kutwa, tafuna chingamu isiyo na sukari ambayo huita mate, punguza kahawa kali na chai za mara kwa mara, na sigara. Ila tafadhali usije ukafanya kosa la jirani yangu mmoja, yeye kinywa kilikuwa kikimkauka akawa akaa na peremende mdomoni tangu asubuhi mpaka usiku ili mate yatoke, mwaka mmoja tu, meno sita yameoza mizizini. Peremende yenye sukari kwenye mdomo mkavu ni kama kumwaga mafuta ya taa kwenye moto.

Na kuna dawa nyengine za presha, kama nifedipini na amlodipini, ambazo kwa baadhi ya watu hufanya fizi zivimbe na kukua mpaka zifunike meno. Ukiona hivo si laana wala si uvimbe wa ajabu, mwambie daktari, na uzidishe usafi maana penye ukoga mwingi ndo fizi hukua zaidi.

Chakula chetu

Sitamwambia mtu wa pwani aache halua. Ninachosema ni hesabu ya mara ngapi, si kiasi gani. Kila ukila kitu cha sukari, bakteria waliomo kwenye ukoga wanatengeneza asidi, na asidi hio yakaa kama nusu saa mpaka saa nzima ikila meno kabla mate hayajaituliza. Kwa hivo ukila kipande cha halua baada ya chakula cha mchana, ni shambulio moja. Ukikata vipande vidogo vidogo ukawa wala kimoja kila baada ya dakika 20 tangu alasiri mpaka isha, ni meno kuogeshwa asidi jioni nzima. Chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne iliyowekwa kwenye thamosi ukapiga kikombe kila saa, ni hivohivo. Kahawa tungu ya kwenye dele haina sukari, haina neno, tatizo ni kashata inayofuatana nayo, basi kula kashata yako moja umalize, unywe maji, ukae uzungumze.

Vitu vikali, yaani ukwaju, ndimu, embe mbichi na pilipili, mabuyu, achari. Ukiona meno yashikwa na ganzi ujue asidi ishafanya kazi yake na jino liko laini wakati huo, kwa hivo usikimbilie mswaki hapohapo, utalikwangua. Sukutua kwa maji, ungoje nusu saa mpaka saa moja ndo upige mswaki.

Kwa upande wa vizuri, njugu, maziwa, mtindi, samaki, mboga za majani, na matunda mazima badala ya juisi. Na mtu akikosa magego asiishie kwenye uji na mkate wa maji kila siku, hapo ndo wazee wanakonda na kuishiwa nguvu na watu wasema amerogwa. Nyama isagwe, mchicha ukatwe laini, kunde zipikwe ziive kabisa, lakini asinyimwe.

Tambuu, tumbaku na muguka

Hapa nitasema wazi hata kama kuna atakayechukia. Tambuu ni mila yetu, bibi zetu wote walikuwa na kijaluba, na mie nilikula ujanani. Lakini popoo imethibitishwa kuwa yaleta saratani ya kinywa, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi mwaka 2004, hata bila ya tumbaku, na ukiongeza tumbaku ndani ni vibaya zaidi. Pia hukaza mashavu kwa ndani kidogo kidogo mpaka mtu hawezi kupanua mdomo hata vidole viwili vikaingia. Ukiwa hujaweza kuacha, anza kwa kutoa tumbaku na usilale nayo shavuni, lakini lengo liwe ni kuacha. Ugoro nao ni hivohivo. Na sigara huficha ugonjwa wa fizi, maana mishipa hubana na ufizi hautoi damu, mvutaji adhani fizi zake nzima kumbe mfupa chini unakwisha.

Miraa na muguka hukausha mdomo, na wengi huteremsha kwa soda na bazoka zenye sukari kwa saa tano mfululizo. Ukijumlisha hayo mawili hesabu yake ushaijua hapo juu.

Sukari na fizi ni ndugu

Ukiwa na ugonjwa wa sukari fizi zako zaugua upesi na zapona taratibu. Na kinyume chake pia ni kweli, fizi zilizo na uambukizo zafanya sukari iwe ngumu kushuka. Nimemuona shemeji yangu, dawa zaongezwa, sukari haikai, mpaka akatibiwa fizi ndo ikaanza kutulia kidogo. Kwa hivo kwenye kliniki ya sukari ukipimwa miguu na macho, uulize na kinywa. Usingoje wao wakuulize.

Meno ya bandia

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na kwa uhakika la bandia halitafuni kama la Mungu. Lakini ni bora mara mia kuliko kukaa kibogoyo. Sisi tulimtengenezea mama akiwa na miaka 79, na mara ya kwanza tulikosea, tukamwita fundi mmoja aliyekuwa akipita majumbani na mkoba, bei rahisi, kipimo akachukua sebuleni. Yale meno yakamkata ufizi akapata kidonda cha wiki nyingi. Tukaenda kwa daktari wa meno aliyesajiliwa ndo tukapata yanayokaa. Kabla hujatoa pesa uliza kama daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na usione haya kuuliza, ni haki yako. Na mtu akikuambia atakugandishia jino la bandia kwa gundi lisitoke kabisa hapohapo kwa siku moja juu ya mzizi uliooza, ondoka.

Kuyatunza: yatoe kila usiku. Ufizi wataka kupumua, anayelala nayo hupata fangasi, paa la kinywa huwa jekundu chini ya meno na mara nyingi haliumi kwa hivo hajui, na pembe za midomo hupasuka. Ukiyaosha weka beseni lenye maji chini au taulo, maana yakikuponyoka kwenye sinki huvunjika. Tumia brashi laini na sabuni ya kuoshea vyombo, suuza vizuri. Usitumie Colgate, inayakwaruza na kwenye mikwaruzo uchafu hujificha. Usitumie maji ya moto, yatapinda yasikukae tena. Yale yenye vyuma usiyaweke kwenye Jik. Usiku yalale kwenye kikombe cha maji safi chenye kifuniko, na kila siku maji mapya. Halafu na wewe ufizi wako, ulimi na paa la kinywa upitishe brashi laini au kitambaa kibichi safi, kila asubuhi na usiku.

Yakianza kulegea si kwamba yameharibika. Mfupa wa taya usiokuwa na meno unapungua polepole miaka yote, kwa hivo yapaswa kupelekwa daktari ayatilie tabaka jipya kwa ndani, usitie pamba wala usiyakwangue kwa kisu mwenyewe.

Ukimuuguza mtu ambaye hawezi mwenyewe

Mamangu sasa ni 86, mkono wa kulia hauna nguvu tangu alipopata kiharusi. Mwanzo nilikuwa namuosha mwili wote nasahau kinywa, na hili ni la kawaida sana kwetu, mgonjwa anaogeshwa, anapakwa udi, kinywa hakuna anayekitazama. Uchafu wa kinywani kwa mtu aliyelala huingia mapafuni na kumletea nimonia, na nimonia ndo inayowachukua wengi wao.

Mkalishe wima au umuinue na mito, usimfanyie amelala chali, atapaliwa. Simama kando yake, kidogo kwa nyuma, umshike kidevu kwa mkono mmoja, ongea naye umwambie wafanya nini. Dawa iwe kidogo sana, kama punje ya mbaazi au chini yake, ili povu lisimzidi. Akiwa hana meno, kitambaa laini kimezungushwa kidoleni kimeroweshwa maji, pitisha fizi, mashavu, ulimi. Akikataa usimlazimishe, ngoja dakika 20 urudi, mama mara nyengine akubali akiimbiwa kasida. Kama mkono bado wafanya kazi lakini vidole havishiki, nenepesha mpini wa mswaki, zungushia kitambaa na mpira au uuchome kwenye mpira mdogo wa tenisi, ataweza mwenyewe na heshima yake itabaki.

Lini uende, na uende vipi

Hata bila maumivu, mara moja kwa mwaka, na ukiwa na sukari au fizi mbovu kila miezi sita. Hata asiye na jino hata moja aende, maana daktari hutazama ulimi na mashavu pia. Hospitali kubwa ya Makadara hapa Mombasa iko na kitengo cha meno, na kabla hujafunga safari ulizia kwenye hospitali ya serikali iliyo karibu na wewe kama wana daktari wa meno au ofisa wa afya ya kinywa.

Usingoje mwaka ukiona haya: kidonda kinywani ambacho kimepita wiki mbili bila kupona, doa jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe, ganzi ya mdomo isiyo na sababu, jino lililolegea ghafla, au usaha. Mafuta ya karafuu yatapunguza maumivu ya jino, ni kweli yana kitu cha kufisha ganzi, lakini hayatibu, yanakupa nafasi ya kufika hospitali tu. Usiponde asprini ukaiweka kwenye ufizi, inaunguza nyama. Na uso ukivimba na homa juu, au ukashindwa kumeza, hio ni ya kwenda leoleo hata kama ni usiku.

Siku ya kwenda, tia dawa zako zote kwenye mfuko, na pakiti zake, umwekee daktari mezani. Mwambie hasa kama watumia dawa za kuyeyusha damu kama wafarini au asprini, na usiziache mwenyewe kabla ya kung'oa jino, mwache yeye aamue. Mwambie kama wameza au umewahi kumeza dawa za mifupa kama alendronati, zile za mara moja kwa wiki, maana ukizitumia na jino likang'olewa taya laweza lisipone sawasawa, lazima apange mapema. Mwambie kama ulibadilishwa vali ya moyo, utahitaji antibiotiki kabla. Kama una sukari, chukua nafasi ya asubuhi, kula kifungua kinywa chako kama kawaida na umeze dawa zako, usiende na njaa ukaanguka kwenye foleni. Na akikuambia hili ni la kung'oa, muulize kwanza: haliwezi kuzibwa? Lisipowezekana ling'olewe, lakini uulize, mamangu hakuuliza hata mara moja na hakuna aliyemwambia kuwa angeweza.